Nafasi Yangu Juu ya Kenchi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimechelewa tamasha la Noeli la kwaya yetu ya mtaa, na mlango wa ukumbi umekataa kunifungulia mpaka niutajie mimi ni sauti ya ngapi.

"Ya kwanza," nikasema.

"Iseme kwa hiyo hiyo sauti ya kwanza," ukasema mlango.

Nikaukagua juu mpaka chini. Ulikuwa mlango wa mbao za mti wa mlingoti, kazi ya hovyo kabisa, na mimi sipendi kuhojiwa na kitu kilichopigwa misumari kombo.

Niwaeleze kidogo kwanza. Kwaya yetu hapa Njombe si ya kanisa moja. Wamo Walutheri, wamo Wakatoliki, na yumo Shabani fundi pikipiki, Mwislamu safi, anayesema yeye anaimba kwa ajili ya ujirani. Kila Desemba tunaimba nyimbo za Noeli katika ukumbi wa mtaa, na kila Desemba mimi, Mama Sigrada, ndiye niliyekuwa nikiuanzisha wimbo wa wachungaji, ule aliotunga mwalimu wetu Ngailo. Sauti ya kwanza, peke yangu, ukumbi mzima kimya. Nilikuwa nikiingoja siku hiyo mwaka mzima, sioni haya kusema.

Mwaka huu nilifanyiwa upasuaji wa rovu, ule uvimbe wa shingoni. Rovu limetoka, uzima umebaki, Mungu ashukuriwe. Lakini sauti niliyorudi nayo nyumbani si ile niliyokwenda nayo. Hii iko chini, nzito, inakwaruza. Mwalimu Ngailo aliisikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Mama Sigrada, nakuomba uje sauti ya tatu. Tuna upungufu." Sauti ya tatu ni ya wanaume! Nisimame katikati ya Shabani na mzee Kilasi, mimi, watu wakitazama! Nikamwambia nimestaafu. Tamasha ni Jumamosi hii, na sijatia mguu kwenye mazoezi hata mara moja.

Basi, turudi mlangoni.

"Haya, ingia," mlango ukasema mwishowe. "Ila ujue leo kila mtu yuko kwenye sauti yake."

Naingia, naona. Mwalimu hutuambia kila siku: sauti ya kwanza pandeni, sauti ya nne shukeni. Wamefanya hivyo hivyo. Sauti ya kwanza wote wako juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, wamekaa miguu inaning'inia, na mmoja wao anatoa utando wa buibui kwenye kilemba chake. Sauti ya pili wamesimama juu ya meza. Sauti ya nne wamechimba shimo katikati ya ukumbi, wako ndani, vinaonekana vipara tu. Sauti ya tatu wako kwenye ngazi iliyoegemezwa ukutani, katikati yake, wameshikilia kwa mikono miwili. Mwalimu Ngailo anawaelekeza wote na hatoki hata jasho.

Mshereheshaji alikuwa kinanda.

"Itifaki imezingatiwa," kikasema kinanda. "Kuna tatizo dogo tu. Mgeni rasmi amefika kwa wakati."

Watu wakaguna. Jambo hilo halijawahi kutokea mtaani kwetu.

Mgeni rasmi alikuwa mtoto mchanga, amelazwa horini. Amelazwa, lakini hajalala. Analia kilio kile cha watoto ambao wamekwisha kushiba, wamekwisha kubadilishwa nguo, na bado hawajaridhika na dunia. Kando ya hori amesimama ng'ombe, amevaa beji ya kamati ya maandalizi.

"Analia tangu lini?" nikamuuliza ng'ombe.

"Tangu afike. Tumempa ratiba, ameisoma yote, bado analia." Ng'ombe akacheua kidogo. "Kamati imekaa. Imeamua kwamba asipolala kwa wimbo, Noeli inaahirishwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka itakapotangazwa tena."

Nikashika kichwa. Watoto wangu wako njiani kutoka Mbeya, jogoo amekwisha kutengwa na wenzake, halafu mtu anakuja kuniambia Noeli itatangazwa tena! Nikamwomba ng'ombe aitishe kikao kingine. Akasema akidi haijatimia.

Kwaya ikaanza. Sauti ya kwanza wakaimba vizuri kule juu, lakini wimbo wao ukapenya kwenye bati ukaenda zake nje, haukurudi. Sauti ya nne wakaunguruma shimoni, sakafu ikatetemeka, mtoto akashtuka akazidisha kilio. Sauti ya pili wakajitahidi, maskini, meza zikalia kuliko wao. Hapo katikati, penye sikio la mtoto, hapakuwa na kitu. Wale wa kwenye ngazi walikuwa wamefungua midomo tu.

"Nyie mbona hamwimbi?" nikauliza.

"Tunamsubiri mtu," akasema Shabani kutoka ngazini.

"Mtu gani?"

"Mama Sigrada, usitufanye watoto wadogo."

Nikajifanya sikusikia. Nikaikamata ngazi, nikaanza kupanda, lakini si kwa ajili yao. Nawapita. Nataka nafasi yangu kule juu, kwenye kenchi ya tatu karibu na dirisha, mahali nilipopazoea.

"Samahani, mzee Kilasi, nimekukanyaga vidole."

"Kanyaga tu, mwanangu, leo havina kazi," akasema mzee Kilasi.

Ngazi ikarefuka. Katikati yake ikawa korido ya hospitali, inanuka dawa ya kusafishia sakafu, na nesi ameketi kwenye kidato kimoja akinywa chai. Akaniambia nivue viatu. Nikavua, nikapita, nikarudi kwenye ngazi bila viatu, na juu yangu naziona kenchi.

Nafasi yangu ilikuwa na mtu.

Alikuwa mwanamke wa umbo langu, mwenye mwanya wangu, amekaa anapunga upepo kwa kipande cha boksi. Nikadhani ni mimi. Lakini nilipomtazama shingoni nikaona ni nyororo, haina kovu hata la kuwashwa. Nikajua huyu si mimi. Huyu ni sauti yangu.

"Hiyo ni nafasi yangu," nikamwambia.

"Najua," akajibu.

Jamani, aliongea kwa ile sauti. Ile yenyewe, safi, inayopanda bila kusukumwa. Machozi yalinitoka pale pale na sikuyaficha. Nilikuwa nimeikumbuka kuliko ninavyomwambia mtu yeyote nyumbani.

"Ulikwenda wapi wewe?" nikamuuliza.

"Walipokufungua shingo, nikatoka. Mtu akifunguliwa mlango hutoka. Nilidhani utaniita."

"Nimekuita! Miezi yote hii nakuita, nikiwa bafuni, nikiwa shambani."

"Ulikuwa unapiga kelele," akasema. "Mimi na kelele hatujuani."

"Basi yaishe. Rudi, twende tukaimbe, mtoto analia kule chini."

Akainama akaniangalia shingo, taratibu, kama mpangaji anayechungulia chumba alichohama. "Kurudi naweza," akasema. "Ila kanuni unaijua. Mtu mmoja, sauti moja. Nikiingia mimi, yule aliyemo anatoka."

"Atoke tu. Sikumwalika."

"Umewahi kuongea naye?"

"Niongee naye nini?"

Akaacha kupunga. "Siku ile ulipozinduka hospitali," akasema, "mimi nilikuwa nimeshaondoka. Ulifungua macho ukamwita binti yako Sigrada. Nani alimwita?"

"Mimi ndiye niliyemwita."

"Kwa sauti ya nani?"

Nikamwona binti yangu kama alivyokuwa siku ile, amesinzia kwenye stuli, khanga imemwanguka miguuni, siku ya pili hajala chochote cha maana. Nilimwita jina mara moja tu, kwa lile likwaruzo. Aliruka akapiga ukelele, "Mama ameongea!" mpaka wagonjwa wa wodi nzima wakasema amina. Hakuuliza kama ni sauti ya kwanza au ya tatu. Na mimi, kwa kiburi changu, wiki ile ile nikaanza kuichukia ile sauti iliyonirudishia mwanangu.

Kutoka chini ng'ombe akapaza sauti. "Kamati inakumbusha muda!"

Nikamuuliza yule mwanamke, "Nikishuka, wewe utakaa wapi?"

"Hapa hapa. Napapenda. Pana upepo."

"Hutanisahau?"

"Mama Sigrada," akasema, "watu wa mtaa huu wananisimulia mpaka wananichosha. Nenda bwana, mtoto analia."

Nikamtazama mara ya mwisho. Sikumuaga, maana ningemuaga nisingeshuka. Nikashuka nikiwa na uchungu, na atakayeniambia uchungu wa namna hiyo ni upuuzi, basi huyo hajawahi kuwa na kitu kizuri akakipoteza.

Kwenye ngazi Shabani akasogea huku, mzee Kilasi akasogea kule. Nikasimama katikati yao.

"Shika vizuri, mama," akasema Shabani. "Hii ngazi haipendi watu wenye mashaka."

Natazama chini, naona hori limepanda lenyewe, limefika usawa wa magoti yangu. Mtoto akaacha kulia. Akanitazama kama mtu aliyekaa foleni muda mrefu na sasa amefika dirishani.

"Haya," akasema mtoto.

"Lakini sijajifunza hii sehemu," nikamwambia. "Sikuhudhuria mazoezi."

"Haya," akasema tena.

Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo, na ile sauti nzito ikatoka. Haikuniuliza kitu. Ikapita katikati ya ukumbi, pale palipokuwa patupu, na wanaume wa ngazini wakaingia nyuma yangu mmoja mmoja. Sikuwa nikijua maneno yanakaa wapi, lakini kila nilipofika niliyakuta. Wale wa juu ya kenchi wakapunguza, wale wa shimoni wakapunguza, na kwa mara ya kwanza nikawasikia wote.

Kisha tukafika mwisho wa wimbo. Kila aliyewahi kuusikia anajua kwamba pale mwisho wachungaji wanapanda kilima kwenda Bethlehemu, na sauti zote zinapanda nao. Nikajiandaa kwa aibu, maana kule juu sifiki tena. Lakini sauti yangu haikupanda. Ikashuka, hatua moja, ikatulia, ikashuka nyingine, kama mama anayemtoa mgongoni mtoto aliyelala ili asimwamshe. Ikafika chini ikakaa.

Mtoto alikuwa amelala. Ng'ombe akavua beji.

"Noeli itaendelea kama ilivyopangwa," kikasema kinanda, na shimoni wakapiga makofi.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, baridi ile ya kwetu imeingia mpaka mifupani, na mtu anabisha.

"Hodi hapa!"

Nikajifunga shuka la Kimasai nikatoka. Ni mwalimu Ngailo, amesimama kibarazani na kofia yake ya sufu, hanitazami usoni.

"Karibu, mwalimu. Za asubuhi?"

"Nzuri, Mama Sigrada. Sijaja kwa lile jambo," akasema haraka haraka. "Nimekuja kuazima benchi. Viti vya ukumbini havitoshi, na Jumamosi ndiyo hiyo."

"Liko hapo, lina matope. Ngoja nilifute."

Nikachukua kitambaa, nikakilowesha, nikafuta. Mikono ikiwa kazini, mdomo nao ukaenda zake. Sikujua kama naimba mpaka nilipojisikia, chini chini, ile sauti ya tatu ya wimbo wa wachungaji, tangu mwanzo. Nikaona haya, lakini nikasema na nimalize. Nikafika mwisho, nikashuka: hatua moja, nikatulia, nikashuka nyingine.

Mwalimu Ngailo akaketi juu ya benchi lenye maji.

"Hapo mwisho," akasema. "Hapo mwisho huwa panapanda."

"Najua huwa panapanda."

"Nani amekwambia panashuka?"

"Kwani kuna ubaya gani?"

Akavua kofia, akaishika magotini. "Nimepabadilisha jana, nikiwa kitandani, taa imezimwa," akasema. "Sijaandika popote. Hata mke wangu sijamwimbia. Nilikuwa nawaza tu, kwamba labda, siku moja, Mama Sigrada akikubali kuja, basi pale mwisho nimshushie, asipate taabu."

Kule jirani mtu alikuwa anawasha pikipiki inakataa.

"Mazoezi ni saa ngapi leo?" nikamuuliza.

"Saa kumi."

Nikashika upande mmoja wa benchi, yeye akainuka akashika wa pili, suruali yake imelowa nyuma na wala hajali.

"Mwambie mzee Kilasi asogee vya kutosha," nikasema. "Mimi ni mnene."