Mifupa ya Fundi Saa

Jina la Shoka hakulipata bure. Alikuwa na bucha pale konani, na paja la ng'ombe aliligawa kwa pigo moja tu, vipande vya mfupa vikaruka hadi kwenye foleni, na hakuna mteja aliyethubutu kulalamika. Ukimwambia nyama yako ina mafuta mengi, alikutazama mpaka ukaanza kusema kwamba kweli mafuta nayo yana faida zake. Ndivyo alivyokuwa na watu wazima. Lakini kwa mpwa wake, binti wa dada yake mdogo, Shoka alikuwa pamba. Mtoto alikuwa na miaka sita na mdomo usiofungwa hata akilala, ndiyo maana wakamwita Chiriku.

Basi asubuhi ile mdogo wake alipoingia buchani mbio, Chiriku mikononi, mguu wa mtoto umevimba na umegeuka upande, Shoka alitupa kisu hata asiangalie kimeangukia wapi.

"Kaka, amevunjika."

"Amevunjikaje?"

"Alikuwa anashuka kitandani."

"Kitandani! Kitanda hicho kina ghorofa ngapi?"

Mdogo wake alisema tu anaomba msaada wa kumbeba mtoto hadi kwa mzee wa kuunga viungo, maana baba yake hataki hospitali. "Si tunampeleka huko siku zote," akasema, na papo hapo akauma mdomo.

"Siku zote?" Shoka akauliza. "Siku zote zipi?"

Baba yake Chiriku alikuwa fundi saa, ana kibanda nyuma ya soko. Mtu mfupi, mwembamba, hapandishi sauti, hagombani, hata mpira hachezi. Shoka hakuwahi kumpenda. Yeye alimwamini mtu anayetukana, kwa sababu huyo umeshajua anachowaza. Huyu wa kutabasamu na kuinama juu ya saa kutwa nzima, Shoka alimwekea methali yake moja: simba mwenda pole ndiye mla nyama. Akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mama yake, akaelekea hospitali, na mama mtu akamfuata nyuma akilia kimyakimya.

Chumba cha eksirei kilikuwa kidogo na baridi. Mpiga picha alikuwa bwana mmoja msemaji, mwenye aproni nzito na mzaha wa kila mgonjwa. Akamlaza Chiriku mezani, akampiga picha, akaenda kuisafisha, akarudi akisonya. Mifupa ilikuwa imetoka imepauka, ya kijivu, kama moshi.

"Mashine leo imezidisha," akasema. Akaitupa ile picha kwenye boksi la zilizoharibika, akapunguza nguvu ya mashine, akapiga tena. Ya pili ikatoka safi, mifupa myeupe inang'aa, hata yeye mwenyewe akaifurahia.

Kazi yake ilikuwa kupiga, si kusoma. Kusoma ni kazi ya daktari. Lakini daktari wa mifupa alikuwa ndani ya upasuaji, na mdomo wa yule bwana haukuwa na breki. Akaibandika picha kwenye kisanduku cha taa pale koridoni, akawaita Shoka na mdogo wake.

"Huyu mtoto anaishi na nani?" akauliza, sauti ameishusha. "Hebu tazameni. Hapa ndipo palipovunjika leo. Hapa palishavunjika zamani, pakaunga pamepinda. Hapa tena. Hapa tena, na hapa. Mguu mmoja tu huo! Bwana, mfupa haudanganyi. Nyumbani kwa mtoto kama huyu kuna mkono wa mtu."

Shoka alizijua alama zile. Aliziona kila siku kwenye ng'ombe waliowahi kuumia, yale mafundo mahali mfupa ulipounga. Damu ikampanda mpaka masikioni. Akamgeukia mdogo wake.

"Ni yeye?"

"Sijui, kaka. Kila mara mimi huwa sipo. Narudi, nakuta ameumia, baba yake anasema ameanguka. Ananiomba nisiwaambie nyinyi."

"Hakuombi. Anakuziba mdomo."

Mama mtu akaitazama ile picha, akaitazama tena, na hakumtetea mumewe. Chiriku mwenyewe, ambaye angeulizwa angesimulia mpaka jioni, alikuwa bado amelala ndani juu ya meza, mlango umefungwa. Hakuna aliyemuuliza.

Shoka hakukimbia. Alitembea. Na alipofika sokoni akaanza kupaza sauti, kwa makusudi kabisa, maana alitaka yule mtu aaibike mbele ya wote. "Kuna mtu hapa anavunja watoto! Njooni muone sura ya mvunja watoto!" Wapagazi wakaacha magunia. Wauza viatu wakaacha viatu. Mtu akiitwa kuja kuokoa mtoto, nani atabaki nyuma? Na wengine, tuseme ukweli, walifuata kwa sababu asubuhi ilikuwa haina biashara.

Fundi Saa alikuwa ameinama, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, kibano mkononi. Akainua uso, akatabasamu.

"Shemeji! Karibu."

Shoka akamkamata shingo ya shati, akamvuta juu ya meza. Saa, vioo, misumari midogo kama chawa, vyote vikamwagika chini.

"Mguu wa mtoto kauvunja nani?"

"Umevunjika?" Uso wa yule mtu ukasawijika. "Mungu wangu, tena? Mmempeleka wapi?"

"Nimekuuliza, kauvunja nani!"

"Anavunjika mwenyewe, shemeji. Nisikilize. Hata mimi..."

Anavunjika mwenyewe! Katika majibu yote ya duniani, lile ndilo alilolichagua. Shoka akarusha ngumi. Fundi Saa akainua mkono kujikinga, na ngumi ikatua kwenye mkono ule, na mkono ukakatika.

Shoka alisikia. Mtu huyu alikuwa amevunja mifupa maisha yake yote, na alijua mfupa wa kiumbe mzima unavyogoma, unavyotaka uzito na uzoefu. Huu haukugoma. Ulilia kidogo tu, kikavu, ukaisha. Kitu kikamgusa moyoni, lakini ngumi ya pili ilikuwa imeshaondoka. Ikaingia ubavuni, na mbavu mbili zikabonyea kwa pamoja, kama uzio ulioliwa na mchwa. Fundi Saa akafungua mdomo na sauti haikutoka.

Hapo Shoka akasimama. Mkono wake wenyewe ulimwambia kuna kitu hakiko sawa. Akauangalia kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Lakini aliokuja nao hawakuwa wamesimama. "Mvunja watoto! Mmalize!" Ubao ukatua mgongoni mwa Fundi Saa. Jiwe likafuata. Kiatu kikamkanyaga paja, na Shoka akasikia kile kilio kikavu tena.

"Basi!" akapiga kelele. "Acheni! Basi!"

"Si wewe uliyetuita?" mpagazi mmoja akamjibu, akapiga teke jingine.

Shoka akamvunja pua. Akamkamata wa pili kwa masikio mawili, akamgongesha kwenye nguzo ya kibanda mpaka macho yakageuka. Wa tatu akamchana Shoka shavu kwa kipande cha kioo. Akapigana na watu wake mwenyewe, damu inamwingia mdomoni, anatukana, anasihi, na wao walizidi kuja, kwa kuwa aliyewasha moto si lazima ndiye awe mzimaji. Alipoona hawezi tena, akafanya lililobaki, akamlalia shemeji yake kumkinga, mwili wake mzima juu ya ule mwili mdogo. Mawe yakampiga yeye mgongoni. Na chini yake, kwa uzito wake tu, bila pigo la mtu, akausikia mtulinga wa Fundi Saa, ule mfupa wa chini ya shingo, ukikatika. Shoka akalia kwa sauti pale pale, mtu mzima, na ndipo watu wakaanza kurudi nyuma.

Walimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Daktari wa mifupa alikuwa ametoka upasuaji, mama wa makamo mwenye miwani na maneno machache. Akamwamuru mpiga picha apige mwili mzima. Yule bwana safari hii hakuwa na mzaha. Picha zilipotoka, akasonya kwa mazoea.

"Imezidisha tena. Ngoja nipunguze nirudie."

"Usiguse kitu," daktari akasema. "Zilete hivyo hivyo."

Akazitazama kwa muda. Kisha akauliza kwa nini picha ya mtoto haifanani na hizi. Mpiga picha akajikuna, akasema ya kwanza iliharibika, ilikuwa imepauka, ndipo akaipiga nyingine nzuri. Daktari akaenda mwenyewe kwenye boksi la zilizoharibika, akachakura, akaitoa, akaibandika kando ya zile za baba. Mifupa ya kijivu na mifupa ya kijivu. Ya baba ilikuwa na mafundo na mapindo kuliko hata ya mtoto, ya zamani sana, ya utotoni.

"Mashine yako ni nzima," akamwambia. "Ilikuwa inakueleza kwamba mifupa hii haina nguvu ndani yake. Wewe ukaipamba."

"Nilitaka itoke vizuri, mama."

"Ilikuwa imetoka vizuri."

Akaenda kitandani, akalivuta kope la Fundi Saa kwa kidole, akamwonyesha Shoka weupe wa jicho. Ulikuwa na ubuluu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Akamwambia na la mtoto liko hivyo hivyo. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Mifupa huvunjika kwa kushuka kitandani, kwa kujikwaa, kwa kukumbatiwa vibaya.

"Kwa hiyo hakumpiga?" Shoka akauliza. Alijua jibu, ila alitaka liwe la mtu mwingine.

"Picha ya mtoto haikusema uongo," daktari akasema. "Imesema mguu umevunjika leo na ulivunjika zamani. Imeishia hapo. Nani na kwa nini, hilo haijui, lazima mtu aulizwe. Na mimi ningeona ile moja tu, ningemshuku baba, sikufichi. Lakini ningemwita nimsikilize. Ningempiga picha na yeye. Sasa tumempiga picha baada yenu."

Mapafu ya Fundi Saa yalikuwa yametobolewa na mbavu. Wakamwekea mpira wa kutoa damu kifuani, ikatoka nyingi. Mkewe akakaa upande mmoja wa kitanda, amejifunika uso. Shoka akasimama upande wa pili, na askari aliyekuja kumkamata akamwacha asimame, pingu bado hajazitoa kiunoni.

Fundi Saa aliongea kwa vipande vipande. Alisema mama yake ndiye aliyemkataza, akamwambia ukisema hakuna atakayekupa mke. Alijua hospitali watapiga picha na picha itamtangaza, ndiyo maana akakimbilia kwa mzee wa kuunga. "Niliogopa mtamchukua mke wangu," akasema.

"Ungeniambia mimi, shemeji," Shoka akasema.

"Wewe?" Fundi Saa akauliza, na hapakuwa na ubaya katika sauti yake, alikuwa anashangaa tu.

Baadaye akamwita Shoka ainame karibu. "Mtoto asinyanyuliwe kwa kwapa," akanong'ona. "Mkono mmoja mgongoni, mmoja chini ya makalio. Akilia usimkaze." Akapumzika. "Mfundishe na mama yake. Sikuwahi kumfundisha, angejua siri yangu." Akayarudia hayo mara mbili, kama mtu anayemwachia mwenzake ufunguo wa nyumba. Asubuhi iliyofuata, kabla wagonjwa hawajapewa uji, akakata roho.

Shoka alimwomba askari jambo moja kabla ya kupelekwa kituoni, apite wodi ya watoto. Askari akakubali, akamfunga pingu kwanza, akavua koti lake na kuifunika mikono ya Shoka. Chiriku alikuwa amefungwa plasta ngumu mguu mzima, ameegemezwa mito. Alipomwona mjomba wake, uso ukafunguka.

"Mjomba! Umekuja! Wanasema baba kapigwa na watu wabaya sokoni. Wengi! Mama analia tu, hataki kuniambia." Akamvuta kwa pindo la koti. "Lakini wewe ulikuwepo, nesi kasema ulikuwepo. Umewapiga? Wote?"

Shoka akapiga magoti kando ya kitanda.

"Ni mimi, mama," akasema. "Mimi ndiye niliyempiga baba yako."

Chiriku akacheka, akidhani ni utani. Kisha akauona uso wake.

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu."

Mtoto akaendelea kumtazama, akingoja maneno mengine, maana hayo hayakutosha. Askari akamgusa Shoka begani, akamwambia taratibu kwamba muda umekwisha.