Mapaja Matatu ya Litugena

Mapaja matatu ya nguruwe yalining'inia juu ya moto wa Litugena, na kijiji kizima kiliijua idadi hiyo, ingawa hakuna aliyewahi kuonjeshwa. Mjane huyo alikuwa na mkono wa birika. Kwa bahati mbaya, nyumba yake ndiyo ya kwanza ukipita lango, na hapo ndipo Fulkinio, ofisa wa Kirumi, alipopiga hodi na askari wake wanne. Jana yake walikuwa wamekomba ng'ombe wote wa kijiji jirani.

Sisi Wagalia hatumwulizi mgeni shida yake kabla hajashiba, na Fulkinio, aliyekaa nchini miaka mingi, aliiheshimu mila hiyo. Aliketi, akangoja chakula.

Mkuu wetu, Atepo, alimvuta Litugena kando. "Dada, kuwavusha ng'ombe kinamasi ni siku mbili. Washibishe Warumi hawa polepole."

"Kwa nyama yangu?"

"Na ng'ombe wako yumo."

Litugena akashika kisu, roho ikimuuma. Siku ya kwanza alikata vipande vyembamba kama majani. Fulkinio alipojifuta midomo na kusema, "Mama, nimetumwa—" Litugena alimkatiza.

"Hujashiba, mwanangu! Mwanamume mzima na vipande vitatu?" Akammiminia pombe ya shayiri.

Walilala hapo hapo. Asubuhi, paja la pili liliposhushwa, Fulkinio alitafuna akiwa amefumba macho. "Hata mama yangu hakukausha nyama hivi," alisema.

Hakuna aliyewahi kumsifu, maana hakuna aliyewahi kuonja. Litugena aliona haya, akafurahi mno, na vipande vikaanza kunenepa.

Siku ya tatu Atepo alitokea mlangoni na matope hadi mapajani, akamwashiria kwa kichwa kwamba kazi imekwisha. Litugena angeweza kuacha. Akakata tena.

Mwishowe Fulkinio alisukuma sahani. "Nimeshiba, mama. Nilitumwa ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

Mrumi alitazama mazizi matupu, kisha matope ya Atepo, kisha mfupa mkononi mwake. "Nitasema hapakuwa na kitu," alisema, akaondoka na watu wake.

Atepo aliingia haraka. "Dada, sikia, ng'ombe wako—"

"Kaa kwanza. Hujala."

Akamkatia kipande kinene cha nyama iliyobaki. Alitamani sana kuuliza, lakini alimngoja ashibe.