Maua ya Kutafuna

Yoeli alipagawa, hakuna neno jingine. Kijana wa Izimbya mwenye akili zake, mwimba besi wa kwaya ya Kilutheri, anazunguka uani juu ya baiskeli mpya, miguu hewani, akipiga kengele mpaka mbuzi wa jirani akakata kamba!

"Mke wangu, panda!" akaita. "Jumapili twende kanisani kama watu!"

Kokushubila, mjamzito, alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Ya nani hiyo?"

Ilikuwa ya Byabato, mfanyabiashara wa Miembeni, aliyeketi kibarazani akitabasamu. Naye alitaka kitu kidogo tu: kahawa yote ya kibanja, shamba lao la nyumbani, msimu mzima, ambayo siku hizo ilikuwa bado maua meupe. Hiyo ndiyo butura, kuuza kahawa kabla haijawa kahawa. Mwaka ule wa Azimio la Arusha watu wa chama cha ushirika walikuwa wameikemea mpaka sauti zikawakauka. Lakini nani atasikia, kengele inalia vile?

"Tukivuna na kuuza chamani, tutanunua baiskeli na nguo za mtoto," Kokushubila akasema.

"Mpaka tuvune! Mimi naitaka leo!"

"Na sikukuu ya mavuno tutamtolea Mungu nini? Kengele?"

Hilo lilimchoma Yoeli. Lakini miguu ilikuwa imeshaanza kukanyaga tena.

"Binti, wanaume tumeshaelewana," Byabato akasema. "Lete kahawa tutafune, yaishe."

Kwao ilikuwa hivyo: mapatano hayajakamilika mpaka mwenyeji na mgeni watafune kahawa pamoja, na cha mwenyeji hakitemwi. Kokushubila akaingia ndani. Yoeli akajua ameshinda, na ajabu ni kwamba aliacha kupiga kengele.

Mkewe akarudi, akapiga magoti, akatoa kikapu kidogo kwa mikono miwili. "Karibu, waitu," akasema, kama Wahaya wanavyomwita mtu wa kuheshimiwa.

Byabato akachota bila kutazama, akatia mdomoni, akatafuna. Akaacha. Akachungulia kikapuni. Maua ya kahawa!

"Nini hiki?"

"Ndicho unachonunua, mzee wangu," Kokushubila akajibu kwa heshima zote. "Kahawa bado hatuna. Na mwanangu akizaliwa atatafuna hayo hayo."

Maskini Byabato! Kutema hawezi. Akameza, macho yamemtoka, ua moja limenasa kwenye sharubu. Yoeli akacheka mpaka akaketi chini. Halafu akakumbuka neno la mwisho la mkewe, kicheko kikakatika. Akanyoosha mkono, akatafuna ua moja. Lo, uchungu wake!

Akainuka, akaisukuma baiskeli hadi kwa mwenyewe. "Mzee, safari njema."

Kengele ilisikika mpaka kule barabarani. Yoeli alilia kidogo, ila msimwambie mtu.

Msimu ulipofika waliuza chamani, wakatoa sadaka kwanza, wakanunua nguo za mtoto. Kilichobaki kilitosha baiskeli kuukuu, rangi imebanduka, kengele haina. Jumapili ya mavuno baiskeli hiyo ikateremka kilima cha kanisa kwa kasi ya wazimu, Yoeli akibana breki zisizoshika, Kokushubila nyuma na mtoto mgongoni.

"Kriii! Kriii!" mama mtu akapiga kelele, huku wazee wa kanisa wakirukia migombani. "Pisheni! Ni yetu! Ni yetu mpaka tairi!"