Sehemu ya Tisa Kama Alivyoisimulia Mama Mkwe

"Nilichopenda," alisema mama mkwe wangu, "ni pale yule bibi alipopanda juu ya kiti, akalishusha begi kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi, akaanza kumfungashia mkwewe nguo kwa mikono yake mwenyewe."

Nilikuwa nimemshikia simu karibu na mdomo, narekodi. Tulikuwa tumemaliza kuitazama sehemu hiyo muda mfupi tu uliopita, chai yetu bado ya moto, na nilijua kama ninavyolijua jina langu kwamba hapakuwa na kiti, wala begi, wala vumbi. Yule bibi wa kwenye tamthilia alikuwa ameufunga mlango kwa ufunguo na kumwambia mjane wa mwanawe kwamba hatoki mtu humu. Sehemu iliishia hapo, kwenye kitasa.

Kwa kawaida ningesema, "Rudi nyuma." Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yetu. Mmoja akikosea jina la mhusika, au akichanganya nani alimzaba nani kofi, mwenzake anasema rudi nyuma, na sentensi inaanza upya. Aliyekuwa akirudishwa nyuma ni mimi, karibu kila mara. Mama alikuwa amepiga taipu ofisini maisha yake yote ya kazi, enzi ambazo herufi moja ikikosewa karatasi nzima inatupwa, na alipostaafu jicho lake halikustaafu. Lilikuwa linamwona mhusika aliyeingia jikoni na hereni akatoka bila hereni. Akishagundua jambo la namna hiyo, siku yake nzima inakuwa njema.

Siku hiyo sikumrudisha nyuma.

Tulianza mchezo huu baada ya mwanawe kufariki. Mume wangu alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa vicheko na wa kubamiza milango, na moyo wake uliposimama kazini bila kuumwa hata kichwa, alituacha wanawake wawili katika nyumba iliyozoea kelele zake. Hatukuwa na ugomvi, ila hatukuwa na la kuzungumza. Kila neno lilikuwa linapita kwake kwanza. Tukawa tunawasha televisheni ili sebule isiwe kimya, mpaka siku moja mama akasema jambo la kwanza lisilo la lazima tangu mazishi: "Huyu daktari ni muongo. Hata koti si lake, hebu ona mikono ilivyomzidi." Nilicheka. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, kisha yakawa machozi ya kweli, naye akanishika goti.

Nikaanza kumrekodi kwa siri na kuwatumia wenzangu wa duka la miwani, ambako kazi yangu ni kukata vioo na kuvipachika kwenye fremu. Wakataka zaidi. Alipojua, alinuna mpaka jioni, halafu akauliza kama sauti yake inasikika vizuri. Tukaweka maoni yetu mtandaoni kwa jina la Mkwe na Mkwe, kwa kuwa lugha yetu haikututenganisha: mimi ni mkwe wake, naye ni mkwe wangu. Wasikilizaji hawakuwa wengi wa kutuvimbisha kichwa, lakini walitosha kubishana. Walimpenda yeye. Mimi nilikuwa mshika simu, muuliza maswali na mtu wa kuchekwa.

Halafu akaja yule niliyemwita Fundi Lifti, kwa kazi yake ya kutengeneza lifti. Alikuja dukani na miwani iliyokatika mkono. Akarudi tena na miwani ileile, nzima kabisa, akaomba niikague. Mara ya tatu hakujisumbua kuibeba. Alikuwa mpole, mjane kama mimi, na alikuwa amepata kazi kwenye mji wa mbali; akaniomba niende naye nikiwa mke wake. Kwa mama alifika mara moja tu, kurekebisha swichi ya ukumbini. Alipoondoka mama alisema, "Ana kucha safi kwa fundi," akaendelea kukunja nguo.

Sikuwa nimemwambia kitu. Ningeanzia wapi? Hakuwa na mtoto mwingine. Kila asubuhi niliamka nimeamua kusema, na kila asubuhi nilimkuta ameshaniwekea chai upande wangu wa meza, nikaumeza uamuzi wangu pamoja na chai. Fundi Lifti alikuwa na subira, lakini kazi yake haikuwa na subira, na siku zilikuwa zinaisha. Nilimpenda. Nilimpenda na mama pia, na sikuona mlango ambao ningepita bila kumkanyaga mmoja wao.

Hali ilikuwa hiyo tulipoitazama sehemu ya tisa.

"Alimfungashia nini?" nilimuuliza, sauti yangu ya kurekodi ikinisaliti kidogo.

"Sweta kwanza. Yule msichana hasikii baridi mpaka augue."

"Na bibi mwenyewe akabaki na nani?"

"Hawakuonyesha," alisema mama. "Na wasipoonyesha, mtazamaji asijipe kazi."

"Alilia?"

"Kamera ilikuwa kwa msichana." Akapuliza chai yake. "Nawapa maksi tisa juu ya kumi. Moja nimewanyima kwa sababu ya kile kiti, kilikuwa kinayumba."

Sikukata hata neno. Nilirusha maongezi yote kama yalivyo, na wasikilizaji wakatuvamia. Mama leo umetazama tamthilia gani? Begi lipi hilo? Mmoja akaandika kwamba bibi wa watu umri umeanza kumchezea. Nilitaka kumjibu huyo mtu kwa ukali, mama akanizuia. "Waache. Waseme wapendavyo." Yeye, ambaye angebishana wiki nzima kwa ajili ya hereni. Basi nikaamini. Niliamini kwamba lile alilokuwa hawezi kuniambia mezani, macho kwa macho, yaani kwamba niende, ameniambia mbele ya watu wote, na bei yake ameilipa kwa sifa yake ya kutokosea. Niliingia bafuni nikafungulia bomba, nikalia kwa shukrani.

Siku ya pili nikamwambia. "Mama, yule fundi ananiposa. Ni mbali."

Alinyoosha kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimenyooka. "Haya, mwanangu," alisema. "Mungu awatangulie." Niliuchukulia ufupi wa jibu lake kuwa wa mtu aliyekwisha kusema lake. Begi nilifungasha mwenyewe, yeye akiwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, akifuata kwa macho kila nguo niliyoiingiza.

Mpwa wake, muuguzi asiyependa tamthilia, alihamia kwake. Mimi na mama tukaendelea kwa simu: kila mmoja anatazama kwake, kisha napiga, tunarekodi. Mwanzoni alikuwa yuleyule, anairarua filamu ya watu vipande vipande kwa sababu ya kofia moja. Baadaye akasimulia harusi katika filamu isiyo na harusi. Sikumrudisha nyuma. Nilijiambia ni fumbo, labda ananung'unikia ndoa yetu ya haraka haraka, basi tukamtumia picha zote za harusi yetu. Akasimulia mtoto aliyepotea sokoni, katika hadithi isiyo na mtoto wala soko, na nililala na fumbo hilo nikilipindua huku na huku, kwa kuwa nilikuwa bado sijazaa. Kila alipokosea nilitafuta maana, na anayetafuta haikosi.

Kisha Jumapili moja, tukiwa tunajiandaa kurekodi, akaniuliza, "Mumeo amesharudi kutoka kazini?"

Nikamwambia amerudi.

"Mwambie jokofu langu linavuja. Amelitengeneza juzi tu na linavuja tena."

Nilikaa chini sakafuni, simu sikioni. Nilipokata, nilianza kurudi nyuma peke yangu, kosa kwa kosa: mtoto wa sokoni, harusi, na mengine madogo niliyokuwa nimeyapita. Kosa la kwanza kabisa lilikuwa begi. Mama hakuwahi kukosea namna hiyo kabla ya lile begi. Nilijiuliza kama aliniruhusu kweli, au ni ugonjwa tu uliokuwa unabisha hodi, nami nikauitikia kana kwamba ni yeye. Na lile "haya, mwanangu" lilikuwa la nani, la mtu aliyejua, au la mtu aliyeshtuka akakosa la kusema? Nimeomboleza vifo, lakini kutojua huku kumeniliza kuliko vifo.

Nilikwenda kumwona. Mpwa wake alinifungulia, akanibonyeza mkono, akatuachia sebule. Mama alikuwa kwenye kiti chake, amepungua, nywele zimechanwa vizuri. Televisheni ilikuwa inaonyesha tamthilia fulani, na yeye akanikaribisha kwa adabu kama anavyokaribishwa mgeni wa kutoka ofisini. Tukatazama. Baada ya muda akaniegemea.

"Kuna moja nzuri kuliko hii," alisema. "Kijana anakufa, mkewe anabaki na mama mkwe."

"Inakuwaje?"

"Msichana anaondoka."

Niliogopa kuuliza, na nilikuwa nimesafiri ili niulize. "Mama mkwe alimruhusu?"

Alifikiri. Nilimwona akitafuta kweli, paji la uso limekunjamana, kama enzi za kutafuta hereni. "Hiyo sehemu nadhani ilinipita," alisema. "Wewe uliiona?"

"Niliiona."

"Basi nihadithie. Ila usitie chumvi."

Nikamhadithia. Nilimwambia kuhusu kiti kinachoyumba na vumbi la juu ya kabati. Nilimwambia kuhusu sweta, kwamba lilitangulia, na kwa nini lilitangulia. Alisikiliza bila kunikatiza, macho yake kwenye midomo yangu.

"Huyo mama alikuwa na moyo," alisema nilipomaliza. "Mimi nisingeweza."

Akarudisha macho kwenye televisheni, nami nikabaki nimemshika mkono.