Mto wa Jumapili

Jumamosi jioni Doña Eduviges alipanga mabeseni mlangoni, makubwa mbele, madogo nyuma, kwa kuwa kesho yake mto ungekuja.

Mto wetu ulikuwa unakuja Jumapili tu. Siku nyingine zote ulivutwa na pampu, za Wamenonaiti kwenye mahindi na za Wamormoni kwenye mapichi. Jumapili hao wote wako kanisani, pampu zimezimwa, basi mto unapata nafasi. Unaingia mlango wa mbele, unajaza mabeseni, unazunguka nyuma kwenye maharage, unakaa hadi giza liingie. Doña Eduviges alikuwa akiutandikia gunia ili usimletee tope sebuleni.

Nicolasa, binti yake, alikuwa amekuja kutoka mji wa Juárez kumchukua.

"Mama, twende zetu. Kwangu bomba linatoa maji hata usiku."

"Maharage yametoa maua. Yakinywa kesho, nimevuna. Nikivuna, siendi popote."

"Na yasiponywa?"

"Utanibeba mimi pamoja na jogoo. Na jogoo hakupendi."

Hapo akafika jirani yao Mmenonaiti, Jakob Wiebe, na jibini lao la kila Jumamosi. Doña Eduviges akamshukuru, akamuuliza kama kesho wanasali mapema.

"Kusali tutasali," Jakob akasema, akiikunja kofia yake ya majani mikononi. "Ila nimefunga pampu mpya. Inajiwasha yenyewe kwa jua."

"Hata Jumapili?"

"Mimi sigusi kitu, mama. Tumewauliza wazee wa kanisa. Wanasema mashine haina roho, haiwezi kuvunja siku ya Bwana."

"Na jua je?" Nicolasa akadakia. "Lenyewe halipumziki?"

"Jua tulilikuta," akajibu Jakob, akaaga kwa heshima.

Wakala lile jibini. Lilikuwa tamu, kama siku zote.

Jumapili mabeseni yalishinda matupu. Alasiri mtu akapiga hodi. Ulikuwa mto, umesimama mlangoni, mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo, miguu imejaa vumbi.

"Shikamoo, mama. Una maji?"

"Marahaba. Karibu ukae."

Yalikuwa yamebaki maji ya kahawa tu. Doña Eduviges akayamimina yote kikombeni. Mto ukanywa, ukafuta mdomo, ukarudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Nimepitia shambani kwako," ukasema. "Maua yote yako chini. Unisamehe, mama."

"Umejikongoja ukafika. Wengine hata salamu hawaleti."

Nicolasa akaenda kufunga mizigo.

Jumatatu Jakob aliwapeleka kituo cha basi kwa gari lake, akakataa katakata kushukuriwa. Doña Eduviges alikaa mbele, jogoo mapajani. Nicolasa alikaa nyuma pamoja na mto, kwa sababu mto nao ulikuwa umesikia habari za lile bomba la Juárez.

"Lakini kwangu ni chumba kimoja," Nicolasa akauambia.

"Hata kwenye ndoo nitalala, dada. Sichagui."

Walipopita shamba la Jakob, pampu ilikuwa inanguruma, mahindi ya kijani mpaka macho yanapoishia.

Basi lilichelewa na jua lilikuwa kali. Jakob akakunjua turubai lake, akaufunika mto hadi shingoni, akachomeka pembe zote vizuri usije ukakauka njiani. Kisha akawatakia safari njema, akawahi nyumbani kumwagilia.