Mbrazili Mmoja, kwa Miguu

Mvuke ulipoanza kupenya pembeni mwa kifuniko, Shigeno aliinua chombo cha mbao kutoka jikoni, akaumwaga mchele wa kunata kinuni. Tamekichi, mumewe, alitemea viganja mate na kushika nyundo ya mti. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Juni, na baridi ya Três Lajes, wilaya ya mashambani huko Brazili, ilikuwa imetandaza umande mweupe juu ya mabiringani nje ya mlango.

"Piga, baba. Ukingoja utapiga jiwe."

"Toa mkono kwanza."

"Mkono nitautoa mwenyewe. Wewe piga."

Nyundo ilishuka. Kabla haijainuka sawasawa, mkono wa Shigeno uliolowa maji uliingia, ukageuza donge, ukatoka. Ikashuka tena. Walikuwa wamefanya hivyo kwa miaka ishirini na mbili, nyundo na mkono, na katika miaka yote hiyo kidole kilivunjika kimoja tu, mwaka wa kwanza wa ndoa.

"Kidole changu bado kinakukumbuka," alisema Shigeno.

"Kila mwaka unanisomea hukumu ileile."

"Na kila mwaka unapiga kwa woga. Piga kama mwanamume, mjukuu ana njaa."

Tamekichi alicheka hadi nyundo ikapiga ukingo wa kinu.

Mjukuu aliitwa Anisio, na siku hiyo alikuwa anatimiza mwaka mmoja. Kwao Japani, mtoto akitimiza mwaka hufungwa mgongoni mochi, donge la mchele uliopondwa, lenye uzito wa kilo mbili hivi, ili asipungukiwe chakula maisha yake yote. Kisha huachwa atembee nalo. Akitembea ni heri, akianguka ni heri, akilia ndiyo heri zaidi. Lisilowezekana ni kuahirisha. Mwaka unatimia siku moja tu.

Shigeno alilifinyanga donge likawa duara, akalipaka unga lisinate, akalifunga katika kitambaa cha rangi ya nili kilichochujuka pembeni. Kitambaa hicho alifungwa yeye mwenyewe mgongoni, kijijini kwao Kumamoto, kabla hajajua kusema. Alifungwa nacho Fusae, bintiye, mwaka mmoja kabla ya meli iliyowaleta Brazili. Barua ya mwisho kutoka kwa mama yake Shigeno ilifika Novemba 1941, na mstari wake wa mwisho ulisema: Fusae akijaliwa mtoto, kitambaa kisilale sandukuni. Mwezi uliofuata vita vilifika huko, barua zikakoma. Hadi leo, mwaka wa 1944, Shigeno hakujua kama aliyeuandika mstari ule yu hai. Kitambaa alikuwa nacho.

Fusae alikaa kilomita tisa kutoka hapo, ng'ambo ya mto, katika wilaya nyingine. Tangu vita, Mjapani hakuruhusiwa kuvuka wilaya bila pasi ya polisi. Shigeno alimwona mjukuu mara moja, alipokuwa na miezi miwili, kwa pasi ya siku moja. Mtoto alilala mchana kutwa.

Saa mbili asubuhi Shigeno alikuwa kwenye benchi la ofisi ya polisi. Saa nne karani, Bwana Adauto, alimwita kwa kidole.

"Wewe, Dona Maria."

Wanawake wote wa Kijapani walikuwa Dona Maria, yaani Bi Maria. Shigeno alisogea, akaweka picha mbili na fomu mezani.

"Stempu imepanda," alisema Adauto. "Tangu Jumatatu."

Shigeno alitoa sarafu iliyopungua. Adauto aliilamba stempu, akaibandika, akaipiga ngumi ili ishike, kisha akaisukuma fomu pembeni.

"Sasa bado sahihi ya mkuu."

"Mkuu wapi?"

"Kasafiri. Njoo Jumatatu."

Kireno cha Shigeno alikiokota sokoni. Kilikuwa na maneno mia moja na ushei, mengi yao ya kuuzia. Aliyapanga kichwani, akayatoa moja moja.

"Mtoto mwaka. Leo. Leo leo. Jumatatu si mbichi."

Watu benchini walicheka. Adauto naye alicheka, akaegemea kiti.

"Mtoto gani?"

"Mjukuu. Kule. Zaliwa hapa, Brazili."

"Kazaliwa hapa? Basi huyo ni Mbrazili kama mimi, Dona Maria! Hahitaji karatasi yoyote. Mwambie aje mwenyewe, kwa miguu!"

Benchi zima liliangua kicheko. Shigeno alingoja kiishe.

"Karatasi," alisema, "anza wapi?"

"Anza wapi nini?"

"Hapa, hapana karatasi. Kule, karatasi. Wapi wapi?"

Adauto alipenda kuulizwa kanuni. Alisimama, akaonyesha kwenye ramani ya ukutani kwa ncha ya kalamu. "Katikati ya daraja. Pana kibao. Mpaka kwenye kibao ni wilaya yetu, tembea utakavyo, cheza ngoma ukipenda. Ukikipita bila pasi, unalala ndani. Umeelewa?"

"Elewa," alisema Shigeno, akainama mara mbili, kwa heshima zaidi ya kawaida. "Asante. Mungu bariki. Karibu tena."

Miaka miwili alikuwa akidhani daraja lote limekatazwa.

Nje, Zeferino wa maziwa alikuwa anapakia madebe matupu kwenye mkokoteni wake. Kila siku alivuka mto mara mbili na kila siku alipita mlangoni kwa Fusae. Shigeno alimshika nyumbu hatamu ili bwana wake asiondoke.

"Fusae. Daraja. Saa tisa. Mtoto, viatu."

"Atembee?" Zeferino alipiga paja. "Dona Maria, wewe hujui habari! Juzi kanitembelea hatua tano nzima, nikiwa nimesimama palepale, akamkamata kuku mkia. Kuku akaenda, yeye akabaki na manyoya."

"Tano?"

"Tano. Nimehesabu. Ya sita ilikuwa pua."

Shigeno alirudi nyumbani karibu akikimbia. Tamekichi alikuwa ameinama kwenye biringani.

"Umepata?"

"Sikupata. Vaa koti la harusi."

"La kwenda wapi?"

"Darajani."

Tamekichi alisimama polepole, kama mtu anayeinuka na gunia. "Mama, watatufunga."

"Hadi kwenye kibao ni kwetu. Tunaweza hata kucheza ngoma."

"Nani kasema?"

"Serikali," alisema Shigeno, akaingia ndani kutafuta kitana.

Saa tisa kasoro robo walifika darajani, yeye amebeba mochi, Tamekichi amevaa koti linalombana kwapani. Koplo Belarmino alikuwa kibandani mwake na daftari la wavukaji. Alitoka mikoa ya kaskazini, alikuwa na masharubu membamba, na kila Jumamosi alinunua mayai sita kwa Shigeno na kudai la saba.

"Dona Maria! Pasi?"

"Hapana pasi. Mimi hapa, hapa tu. Kibao." Akaonyesha. "Mjukuu kule."

Upande wa pili wa daraja Zeferino alikuwa amesimamisha mkokoteni. Juu ya debe la maziwa, akiwa ameshikwa kwapani na mama yake, aliketi Anisio, mwenye kofia ya sufu na viatu vipya.

Belarmino alitazama huku, akatazama kule, akafungua daftari ukurasa wa nyuma palipobandikwa maagizo.

"Kibao ni cha karani," alisema. "Mimi nimeandikiwa mita tatu. Raia wa nchi adui, mita tatu kutoka kwenye kibao, kila upande. Na Kijapani hapana. Neno moja tu nikilisikia, naandika."

Alipima mita tatu kwa buti zake, akachora mstari kwa chaki, akaenda ng'ambo kuchora mwingine. Wajapani wakabaki nyuma ya chaki, baba na mama huku, binti kule, na katikati yao mbao tupu za mita sita. Shigeno alizihesabu kwa hatua za mtoto. Hazikuwa tano. Zilikuwa ishirini au zaidi.

"Huyu bwana wa maziwa ni raia wa nchi gani?" aliuliza Belarmino kwa sauti ya kiofisi.

"Raia wa mama yangu!" alijibu Zeferino. Akavuka, akapokea bunda kwa mikono miwili, akashangaa uzito. "Mna jiwe humu?"

"Chakula," alisema Shigeno. "Chakula yote. Mpaka zee."

Fusae alilifunga bunda mgongoni mwa mwanawe, ncha moja juu ya bega, nyingine chini ya kwapa, fundo kifuani. Hakuwa amefundishwa. Shigeno aliona toka mbali kwamba fundo lilikuwa sawa kabisa na lile ambalo yeye mwenyewe angefunga. Kisha Fusae akamsimamisha mtoto kwenye chaki na kumwachia.

Anisio alisimama. Mzigo ulimvuta nyuma, akajikunja mbele. Aliwaona wazee wawili wasiomhusu, mmoja amefungua mikono. Hakuona kuku. Hakusogea.

Kumwita ilibidi, lakini kwa lugha gani? Shigeno alifungua kinywa, akakumbuka daftari, akakifunga. Kisha akavuta pumzi na kutoa Kireno chote alichokuwa nacho.

"Kabichi!" alipaza sauti. "Kabichi mbichi! Njoo mteja! Njoo uone, kuona bure!"

Mtoto aliinua kichwa.

"Biringani! Leo leo! Dazeni bei poa!"

Hatua moja. Fusae alijiziba mdomo.

Tamekichi alikuwa hajawahi kuuza chochote. Kireno chake kilikuwa cha kuendeshea nyumbu. Alisita kidogo, akatupa aibu mtoni.

"Hoo! Twende! Kaza mguu, mvivu we! Shika njia! Hoo!"

Nyumbu wa Zeferino, ng'ambo, aliitika amri na kuanza kuondoka na madebe. Zeferino alimkimbilia akitukana watakatifu. Anisio aligeuka kutazama, akacheka, na kile kicheko kikamsukuma hatua ya pili, ya tatu, ya nne, mzigo ukiyumba kulia na kushoto kama kengele isiyo na sauti.

"Njoo mteja! Nyongeza ipo! Mayai!"

"Tano," alihesabu Belarmino chini ya masharubu. "Sita."

Hatua ya saba mtoto alikaa kitako. Fusae alinyanyua mguu, koplo akainua kiganja, mguu ukarudi. Anisio aliweka mikono miwili kwenye mbao, akainua makalio juu, akakaa hivyo akiutazama mto kupitia nyufa, wakati mrefu usioelezeka.

"Mayai saba!" alilia Shigeno. "Saba kwa bei ya sita!"

"Hiyo bei mimi hukunipa hata siku moja," alisema Belarmino.

Mtoto alisimama. Akaja. Hakuwa anatembea tena bali anaanguka kuelekea mbele, mguu mmoja ukiuwahi mwingine, na mochi nyuma ikimsukuma kama mtu mwenye haraka. Fusae alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, Tamekichi ameishiwa amri za nyumbu na anazirudia toka mwanzo. Penye kibao Anisio alijikwaa ubao uliochomoza, akaanguka kifudifudi. Bunda likateleza, likamkaa kichwani juu ya kofia. Kichwa, mikono na mchele vilikuwa Três Lajes. Miguu ilikuwa wilaya ya pili.

Hakulia. Alikuwa anafikiria.

Belarmino alikuwa ameshachovya kalamu. Kazi yake ilikuwa kumwandika kila anayevuka, na aliifanya kwa hati nzuri: *Saa tisa na dakika kumi na tano. Mbrazili mmoja, mwaka mmoja, kwa miguu. Mzigo: mchele, kilo mbili.* Alifika kwenye safu ya mwisho, akasimamisha kalamu. "Amevuka au hajavuka?" aliuliza. Alikuwa anauliza kweli.

Ndipo Anisio akaamua kulia.

Shigeno hakukumbuka baadaye kuipita chaki. Alipiga magoti mbele ya kibao, akapitisha mikono, akamkamata mtoto kiunoni, na palepale mikono ya Fusae ikafika, ikaikuta ya mama yake ikiwa imeshashika. Walibaki hivyo, mtoto anapiga kelele katikati, vipaji vya nyuso vimegusana juu ya kofia ya sufu. Hakuna aliyesema neno la Kijapani. Nyuma ya chaki Tamekichi alikuwa amesimama wima katika koti la harusi, kama alivyoagizwa.

"Nilisema mita tatu," alisema Belarmino.

Kisha akamgeukia Tamekichi. "Na wewe, mzee, unangoja upigwe picha?"

Tamekichi hakuelewa maneno, lakini kidole kinachoashiria alikielewa. Alienda.

Koplo alitazama magoti ya Shigeno. Magoti yalikuwa ndani ya Três Lajes, yametulia, hayajavunja kanuni ya karani hata kwa unywele. Akatazama mikono. Mikono ilikuwa wilaya ya pili hadi kwenye viwiko, bila pasi, bila picha, bila sahihi ya mkuu. Alipitisha kalamu juu ya daftari, akitafuta pa kuiandika. Kulikuwa na safu ya watu, safu ya wanyama na safu ya mizigo. Safu ya mikono haikuwapo. Akalifunga daftari, akaenda kumsaidia Zeferino kumkamata nyumbu.