Mbili, Kituo, Mbili

Taa ya injini ilikuwa katika wiki yake ya tatu ya kuwaka pale Kaka alipokuja kumnyang'anya Mama funguo za gari. Hakusema kunyang'anya. Alisema "kuzihifadhi." Lakini alifika na basi la asubuhi, begani ana kibegi kidogo tu, na chai aliinywa amesimama. Mtu aliyekuja kusalimia hukaa.

"Mama, gari limekuzimikia barabarani mara tatu. Tatu! Na aliyenipigia simu ni jirani, si wewe."

"Jirani ana salio la kuchezea," Mama alisema.

"Na mimi nimekuona unavyoliwasha. Kabla ya kupiga stata unapampu mafuta kwa mguu, pu, pu, pu, kama mtu anayekanyaga udongo. Unazilowesha plagi. Gari halina ugonjwa, Mama. Ni kwamba... miaka sabini na mbili si mchezo."

Mama alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na sita. Gari lile dogo, jeupe, lenye mlango mmoja wa kijani tulioutoa kwenye gari jingine, Baba alilinunua likiwa limeshatumika, mwaka nilipomaliza darasa la tatu. Ndilo lililomfikisha Mama kwenye vitanda vya wajawazito saa ambazo hakuna usafiri. Baba alipofariki, ndilo lililombakizia miguu. Bila hilo angekuwa wa kungoja hisani za watu, naye maisha yake yote alikuwa mtu wa kungojwa.

Aliziweka funguo mezani, katikati yangu na Kaka.

"Tafuteni ugonjwa kwanza. Mkikuta ugonjwa ni mimi, chukueni. Sitalia."

Kaka akanigeukia. "Haya, Kobe, umesikia. Basi langu la kurudi ni saa nane. Kwa mwendo wako, saa nane ya leo, tafadhali."

Kobe ni mimi. Jina alinipa yeye tukiwa wadogo, nami sikulikataa, kwa kuwa kabla ya kufungua skrubu huwa naitazama kwanza. Sikusomea ufundi. Riziki yangu ni feni na redio. Magari nimeyajua kwa kuyatazama, na mengine kwa kuyaharibu.

Magari ya siku hizi unachomeka kifaa, kinakusomea kila kitu kwenye kioo. Lile la Mama ni la kipindi cha katikati. Lina injekta za kunyunyizia mafuta, na lina kompyuta ndogo iliyojificha chini ya dashibodi, ila halikubali kifaa chochote. Ukitaka kuliuliza linaumwa nini, unafungua kisanduku kidogo chini ya boneti, unaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata. Hapo taa ya injini inaanza kupepesa. Unahesabu. Tarakimu ya kwanza, kituo kifupi, tarakimu ya pili, kisha kituo kirefu, halafu inarudia.

Baba hakutumia waya. Alikuwa karani wa posta, na mfukoni hakukosa klipu za karatasi. "Kule ndani kuna karani mwenzangu," alikuwa akituambia. "Hana mdomo, lakini kila malalamiko anayaandika."

Asubuhi za Jumamosi zilikuwa hivyo. Baba ameinama kwenye injini, Mama amekaa kwenye usukani, mimi na Kaka kiti cha nyuma tumekatazwa hata kukohoa. Macho ya Baba hayakuiona vizuri ile rangi ya njano mchana, kwa hiyo msomaji alikuwa Mama. Alihesabu kwa sauti ileile aliyohesabia mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, tulivu, haina furaha wala hofu. Baba akaandika kiganjani, akafungua daftari lake la namba, akateremsha kidole mpaka kikasimama. "Aha," akasema. Mimi niliamini ulimwengu mzima unatengenezwa hivyo: mmoja anahesabu, mwingine anasema aha.

Daftari hilo ninalo. Klipu pia.

Nilipounganisha matundu, Mama alishika mlango ili aingie kwenye usukani. Kaka akamwahi.

"Nipishe, Mama. Leo nahesabu mimi."

Mama akarudi nyuma hatua mbili, akasimama akiwa ameukumbatia ule mlango wa kijani. Kutoka pale alikuwa haioni dashibodi.

"Swichi," nikasema.

"Tayari. Inapepesa. Moja, mbili... tatu, nne. Nne! Inarudia. Moja, mbili... tatu, nne. Andika nne, Kobe."

Nikafungua daftari. Namba za Baba zinaanzia kumi na moja.

"Hakuna nne, Kaka."

"Basi na daftari limezeeka."

"Si nne," Mama akasema. "Ni mbili, kituo, mbili."

Kaka akachungulia nje. "Mama, umeionaje ukiwa huko?"

"Sijaiona. Nimekusikia wewe. Unasema moja, mbili, unavuta pumzi, ndipo unasema tatu, nne. Mara zote mbili umepumzika palepale. Taa imepumzika, nawe ukapumzika nayo, ila hukujijua."

Kaka alihesabu tena, kimoyomoyo, midomo ikicheza. Alininyooshea vidole viwili, kisha viwili.

Ishirini na mbili. Kwa mwandiko wa Baba ulioegemea kulia: *Joto la maji.*

Nilimweleza Kaka taratibu. Injini ikiwa baridi, yule karani, ile kompyuta, anaagiza mafuta mengi. Ikipata moto, anapunguza. Habari za joto analetewa na sensa moja, kidude cha kupimia joto kilicho kwenye njia ya maji. Habari zikipotoka, anadhani bado ni alfajiri, anaendelea kumwaga. Injini ya moto inazama katika mafuta, moshi mweusi, gari linazima.

"Hapo ndipo plagi zinapolowa. Si mguu wa Mama. Gari lenye karbureta ndilo linalosikia mguu kabla ya stata. Hili, kanyaga mpaka jioni, halitoi hata tone."

"Ndivyo nilivyojifunzia, kwenye karbureta," Mama akasema. "Mguu una kumbukumbu zake."

Nilidhani yamekwisha. Kaka akatikisa kichwa.

"Sawa, si mguu. Basi sensa imechoka. Leo sensa, kesho pampu, keshokutwa breki. Gari zee na dereva mzee, Kobe. Kimoja ningekivumilia." Akaingia ndani, akazichukua funguo za akiba, akazitia mfukoni.

Niliipima sensa kwa mita, injini ikiwa baridi. Nikaliwasha gari mpaka likapata moto, nikaipima tena. Ilikuwa nzima kabisa. Tatizo basi lilikuwa baina ya sensa na karani. Nikaitazama soketi ya waya kwa tochi.

Ndani, juu ya kipini kimoja, kulikuwa na utando wa nailoni ya buluu, mwembamba kama ganda la kitunguu.

Niliujua. Mwezi uliopita niliiosha ile injini kama Baba alivyokuwa akiiosha: kila soketi unaivisha mfuko wa nailoni na kuifunga, maji yasiingie. Baba alihesabu kwa sauti wakati wa kuvisha, na alihesabu wakati wa kuvua. Mimi sikuhesabu. Mawingu yalikuwa yamekaribia, nikavua kwa pupa, na soketi ile nikaifungua, nikaifuta, nikaibana tena bila kuona kwamba kipande kimekatikia ndani. Mimi, Kobe, siku moja tu nilifanya haraka.

Utando ulikuwa kwenye kiganja changu. Kaka alikuwa na simu sikioni. Ningeweza kuufuta kwenye suruali, nikasema soketi ililegea, na gari lingepona vilevile. Lakini soketi iliyolegea ingekuwa ya uzee, na uzee ndio uliozitia funguo mfukoni mwa Kaka. Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyostahili. Nakiri.

"Kaka, njoo."

Akaja. "Nini hiki?"

"Nailoni. Niliiacha mimi nilipoosha injini. Gari halikuchoka, na Mama hakukosea. Aliyekosea ana miaka arobaini na moja, Kaka, si sabini na mbili."

Alinitazama, kisha kicheko kikamtoka puani. "Kwa hiyo nikunyang'anye wewe spana."

Mama hakucheka.

"Wiki tatu," aliniambia. "Vijana wananisukuma barabarani kama mkokoteni, ninarudi nyumbani nauliza mguu wangu kama unanidanganya. Usiku nalala nazihesabu pedali. Klachi, breki, mafuta. Klachi, breki, mafuta. Na wewe ulikuwa unaniambia nini? 'Tutaona, Mama.'"

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusikia," akasema.

Nilisafisha kipini, nikabana soketi, nikachomoa fyuzi kwa dakika moja ili karani asahau malalamiko yake. Taa ikazimika. Kaka alizitoa funguo za akiba, akazirudisha mezani mwenyewe, na Mama akasema atampeleka kituoni.

Mimi nilikaa nyuma. Kiti kilinuka sponji lililopigwa jua na, kwa mbali, spiriti ya mkoba wa ukunga. Sikuwa nimekaa pale nyuma ya Mama na Kaka kwa miaka mingi. Ilinibidi nijizuie nisimwombe mtu dirisha. Kwenye taa za barabarani, mahali ambapo gari lilizima mara mbili, tulisimama kwenye foleni ndefu juani. Sindano ya joto ilipanda, ikatulia. Kaka aliikodolea macho dashibodi kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Injini iliunguruma polepole, haikukosa hata pigo. Taa ya kijani ilipowaka, Mama akaondoka kabla ya wote.

Kituoni, Kaka aliinama dirishani. "Mama, giza likiingia usiendeshe."

"Hilo niliamua mwaka jana. Hukuniuliza."

Basi lake lilipotoka, Mama hakuliwasha gari. Alikaa kidogo, mikono juu ya usukani, kisha akafungua mlango akaja upande wa pili.

"Rudi nalo wewe. Leo nimechoka. Kesho naendesha mwenyewe."

Nikaingia. Kiti kilikuwa mbele sana. Nikapeleka mkono chini kutafuta kishikio cha kukisogeza.

"Usiguse kiti changu," Mama akasema.

Nikaliendesha hivyohivyo mpaka nyumbani, magoti yamebana usukani kama mtu mzima aliyekalia kiti cha chekechea, na yeye pembeni akiniambia lini nibadili gia.